Ng'ombe wa Shemeji Amlipe Wakili Wangu

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, narudia kwa ufupi, na sirudii tena.

Mimi ni Fransiska, mjane wa Joakimu, wa Masieda. Shemeji yangu Sulle, mdogo wa marehemu, amenishitaki kwenye baraza la ardhi la wilaya, kule Mbulu. Anataka shamba la bondeni, lile la kitunguu saumu, lenye maji hata kiangazi. Anasema kaka yake alimwachia kwa mdomo. Mdomo huo ulikuwa unakula kwangu kila siku, na sikuusikia ukisema hivyo. Shamba hilo likienda, mimi nitakula kwa ruhusa ya Sulle, na Sulle mwenyewe anakula kwa ruhusa ya mke wake.

Niliwaacha pale Sulle alipoingia barazani na wakili. Wakili wa bure! Alipewa na ofisi moja ya msaada wa kisheria, baada ya kuwaapia kwamba hana kitu duniani, hata kuku. Mwenyekiti akaniangalia akaniambia, "Bibi, na wewe tafuta wa kukusemea. Usipompata, uje hivyo hivyo ulivyo."

Wengi mmenitumia meseji za pole. Asanteni. Lakini pole haikamuliwi.

Basi, na mimi nikaenda kutafuta cha bure.

Ofisi ile ya Sulle haiwezi kushika pande mbili, kwa hiyo wakanielekeza ofisi nyingine, ng'ambo ya barabara. Huko nikapokelewa na binti mmoja, Judica, mpole, mwenye sweta kubwa kuliko yeye. Akasema kabla ya kunipa wakili lazima aje nyumbani aone hali yangu.

Akaja kwa boda boda, meno yanagongana kwa baridi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu uone hali."

"Sisi tunasaidia wasio na uwezo, bibi. Ndiyo maana nakuja kuona kwa macho."

"Hali ndiyo hiyo uliyoikanyaga," nikamwambia, maana alikuwa amekanyaga kinyesi.

Akaangalia kiatu. Akaangalia kinyesi kilikotokea. Akaona zizi.

"Bibi, hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Siyo wangu."

"Wote wanne?"

"Wote wanne."

"Wanalala wapi?"

"Hapa."

"Anayewakamua nani?"

"Mimi."

"Maziwa anakunywa nani?"

"Mimi na paka."

"Sasa siyo wako kivipi, bibi?"

Huyu binti hakuzaliwa huku, nikamsamehe. Sisi huku mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote kwenye zizi lake. Anampa rafiki huyu mmoja, jirani yule mmoja. Wewe unayetunza unapata maziwa na samadi, mwenyewe anabaki na ng'ombe na ndama zake. Ugonjwa ukiingia kwake, hawafi wote. Ndugu wakija kuomba, wanakuta zizi tupu wanarudi na njaa yao. Na kanuni ya kwanza ni moja: hutaji ng'ombe ni wa nani. Ukitaja, hakuna atakayekupa tena hata mbuzi kilema.

"Basi niambie ni wa nani, nitaandika," akasema Judica.

Nikainama nikaokota ndoo ya maziwa.

Ningemwambia nini? Kwamba yule mweusi ni wa katekista, ambaye mke wake anaamini walishamuuza zamani? Kwamba wa kijivu ni wa jirani yangu Rogathe, anayewaficha kaka zake? Kwamba yule wa madoa ni wa Hilary mwenye duka, anayelia kila siku kwamba biashara mbaya? Leo nawataja gazetini kwa sababu siri hiyo imeshakufa, mtaiona ikifa hapo chini. Siku hiyo ilikuwa bado inapumua.

"Bibi," Judica akasema, na sasa upole ulikuwa umepungua, "kila nyumba ninayokwenda huku ng'ombe siyo wa mwenye nyumba. Wilaya nzima ng'ombe wameshuka na mvua?"

"Mungu ni mwema," nikasema.

Akapiga picha zizi langu na simu. Akapanda boda boda akaondoka. Jibu likaja kwamba mimi ni mtu mwenye uwezo. Nilizeeka maskini, nikaamka tajiri kwa picha ya simu.

Na Sulle je? Sulle walipokwenda kumwangalia walikuta zizi tupu na mbwa mmoja mwembamba. Ng'ombe wake wote walikuwa wamelala kwa watu. Hata yule mbwa nadhani alimfunga njaa makusudi, kwa ajili ya ugeni.

Sasa hesabuni wenyewe zizini kwangu. Mweusi, wa kijivu, wa madoa. Wa nne ni nani?

Wa nne alikuwa jike mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Aliletwa na Sulle.

Ndiyo. Sulle huyo huyo asiye na hata kuku. Alimleta wakati Joakimu akiwa hai, kabla ya tamaa ya shamba. Akaniambia, "Shemeji, mtunze kama jicho lako. Asiuzwe, asichinjwe. Akifa, msile hata utumbo kabla sijaja, na ngozi mniwekee." Hiyo ya ngozi ni desturi. Ng'ombe wa mtu akifia kwako, ngozi ndiyo ushahidi wako kwamba alikufa kweli na hukumla. Lakini Sulle alizidisha. Kila akipita njia aliuliza kwanza hali ya ng'ombe, halafu ndipo hali ya kaka yake mgonjwa.

Sikio la kushoto la yule ng'ombe lilikuwa na mikato miwili, alama ambayo siyo ya kwetu. Nikajua alimnunua mnadani. Nilijua! Wekeni neno hilo pembeni, tutalihitaji.

Na tangu anishitaki hakuweza kuja kumchukua. Angemchukua mchana, watu wangeona kwamba maskini ana ng'ombe. Basi akamwacha kwangu, na mimi nikaendelea kunywa maziwa ya ng'ombe wa adui, na yalikuwa matamu kuliko zamani.

Nikaenda sasa kwa wakili wa kulipwa.

Anaitwa Wolfgang. Ofisi yake iko juu ya duka la pembejeo, ngazi nzima inanuka dawa ya kupe. Ana tai, ana vitabu vinene ambavyo vumbi lake halijaguswa, na alikuwa na viatu vyenye ncha kama mdomo wa kunguru, visigino vimelika upande mmoja. Kumbukeni viatu.

"Kwanza, mama, kuna malipo ya kufungua jalada," akasema.

"Linafunguliwa na nani?"

"Na mimi."

"Si ulifungue tu? Mkono unauma?"

Hakucheka. Watu wa tai hawacheki bure, nako kuna malipo yake.

"Halafu kila nikisimama barazani kuna malipo ya kusimama."

"Na ukikaa?"

"Nikikaa nakuwa natafakari, mama. Kutafakari kunaingia kwenye ada ya ushauri."

"Basi mimi nawadai watu wengi sana. Nimetafakari mpaka mvi, hakuna aliyenipa hata kiberiti."

Akaona fedha taslimu sina. Akainuka akafunga mlango. Mwanaume akifunga mlango kwa bibi wa umri wangu, jua anataka mali.

"Mama, kwa watu wa hali yako kuna njia nyingine. Sasa hivi hutoi kitu. Tukishinda, nusu ya shamba inakuwa yangu. Ila hiyo hatuiandiki popote. Sheria za kazi yetu haziipendi."

"Mwanangu," nikamwambia, "Sulle anataka shamba lote na amekuja bila tai. Wewe unataka nusu na umevaa tai. Kwa hiyo tai peke yake ni nusu shamba?"

"Mama, huo ndio utaratibu wa kusaidiana."

"Kupe naye anasema hivyo hivyo kwa ng'ombe."

Nilipotaja ng'ombe, wazo likaja lenyewe, likakaa, likakunja miguu.

"Wakili, unapokea ng'ombe?"

Uso wake ukafunguka kama mlango wa ghala.

Akaja Masieda mwenyewe kuchagua. Akasimama zizini na ile ncha ya viatu, anaruka ruka kama kuku kwenye jivu la moto. Macho yake yakaenda kwa mweusi wa katekista.

"Huyu amenona."

"Huyo ana mateke. Alimlaza daktari wa mifugo."

"Yule wa kijivu?"

"Huyo haoni jicho moja."

"Mbona ananiangalia?"

"Anakuangalia na lile linaloona."

"Yule wa madoa?"

"Mtoro. Utamlipa mtu kila siku kumtafuta."

Akafika kwa mwekundu. "Huyu hana kasoro?"

"Huyu kasoro zote alibaki nazo aliyemleta."

Wolfgang akamshika nundu, akajifanya anajua. Halafu akakumbuka kwamba alisoma sheria.

"Lakini ni wako, mama?"

"Nani anamkamua?"

"Wewe."

"Nani anampa chumvi? Nani alikesha naye alipozaa?"

"Wewe, mama."

"Na ofisi ya msaada wa kisheria imeshaamua kwamba ni wangu. Mimi nimewakatalia mpaka nimechoka. Wewe uliyesoma unataka kubishana na ofisi?"

Hakutaka. Mtendaji wa kijiji akaandika kibali cha kumtoa, wala hakuuliza maswali, maana na yeye ana ng'ombe wake mahali. Mswagaji akaja, mwekundu akaondoka na baka lake jeupe, na mimi nikasimama mlangoni nikicheka peke yangu kama mwehu.

Mlione jambo lenyewe. Sulle akisema "huyo ni wangu," amejiumbua kwamba aliwadanganya waliompa wakili wa bure, na mke wake Getruda atajua. Akinyamaza, ng'ombe wake anamlipa wakili wa kumpiga yeye mwenyewe. Nikajiona nina akili. Nilisoma mpaka darasa la saba, lakini siku hiyo nilijiona hakimu mkuu.

Jumapili, baada ya misa, Sulle akanifuata uwanjani pa kanisa. Getruda alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, maskini wangu."

Akasogea karibu, akanong'ona. "Shemeji, nimepita kwako. Yule mwekundu simwoni."

"Mwekundu yupi?" nikasema kwa sauti ya kwaya.

"Punguza sauti!"

Getruda akasogea. "Mwekundu gani, Baba Lameck?"

"Shati," akasema Sulle. "Shati jekundu. Nilimwazima marehemu."

"Aaa, lile shati!" nikasema. "Lile lenye baka jeupe mbele. Nimempa wakili wangu."

Sulle akabadilika rangi, akawa kama jivu. Jasho likamtoka, na asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umekalia paa la kanisa.

"Lirudishe, shemeji. Nakuomba. Kwa jina la kaka yangu."

"Shati moja linakutoa jasho hivi?"

"Wewe hulijui lile shati. Hujui limetoka wapi."

"Si limetoka kwako?"

Akafungua mdomo. Akamwangalia Getruda. Akaufunga.

"Mwanaume mzima analilia shati," Getruda akasema, akamshika mkono wakaondoka. "Ungelia hivyo kwa karo ya watoto."

Mimi nikadhani analia kwa ubahili. Mtu mwenye busara angejiuliza kwa nini bahili anatokwa jasho kwenye ukungu. Mimi sikuwa na busara, nilikuwa na furaha.

Siku ya baraza ikafika. Nikapanda basi na mashahidi wangu watatu, wa kusema kwamba shamba la bondeni nimelilima mimi na Joakimu miaka yote. Mashahidi wenyewe ni katekista, Rogathe na Hilary. Ndiyo, wale wale wenye ng'ombe. Mtu unayemtunzia siri ndiye atakayekutolea ushahidi.

Getruda alikaa nyuma ya mumewe. Hata Judica alikuwepo, amekuja na mtu mwingine wa kesi nyingine, mtu ambaye hakuwa na bahati mbaya ya kutunza ng'ombe.

Wolfgang akaingia. Viatu vipya! Vyeusi, vinang'aa mpaka unaona dari ndani yake. Nikavisalimia moyoni: shikamoo mwekundu.

Na sitamnyima haki yake, mwanzo alifanya kazi. Akamsimamisha Sulle.

"Unasema shamba ni lako. Kitunguu saumu kinapandwa mwezi gani?"

"Kinapandwa wakati wake," akasema Sulle.

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaangalia juu ya miwani, wakaacha.

Halafu likaja swali nililomtungia mimi mwenyewe, nikamlazimisha alishike kichwani kama sala. Nilitaka Sulle amkane ng'ombe wake mbele ya Biblia na mbele ya mke wake, iandikwe, asimdai tena mpaka kiyama.

"Una mifugo yoyote?"

Wakili wa Sulle akasimama. "Mheshimiwa, swali hilo linahusiana nini na shamba?"

"Linahusiana na uaminifu wa shahidi," akajibu Wolfgang, na kwa sekunde moja nikaona kweli alisoma.

"Ajibu," akasema mwenyekiti.

"Sina," akasema Sulle.

"Hata aliyeko kwa mtu mwingine?"

"Sina."

"Ng'ombe jike mwekundu, baka jeupe kwenye paji, mikato miwili sikio la kushoto, aliyekuwa anatunzwa kwa mjibu maombi hapa, Bibi Fransiska. Huyo ni wako?"

Sulle akaniangalia. Akamwangalia Getruda. Akaiangalia Biblia.

"Siyo wangu."

"Una hakika?"

"Naapa mbele ya Mungu. Siyo wangu."

Mwenyekiti akaandika. Nikasikia raha mpaka kwenye magoti. Nikamkonyeza Sulle. Lakini Sulle hakukasirika. Alikuwa anaangalia mlangoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemwona daktari anakuja na sindano.

Mlangoni alikuwa amesimama mzee mrefu, amejifunga shuka la kahawia, viatu vya tairi miguuni. Fimbo yake askari alikuwa ameizuia nje, kwa hiyo mikono hakujua aiweke wapi.

"Shikamoo mzee," akasema mwenyekiti.

"Marahaba."

"Una shauri hapa?"

"Natafuta wakili."

"Wakili wa kukutetea?"

"Hapana. Wakili aliyemuuza ng'ombe wangu."

Walikuwepo mawakili wawili chumbani. Yule wa bure akamwonyesha Wolfgang kwa kidole kabla hajaulizwa. Nimeona mbuzi wakikimbia mvua, sijaona wepesi ule.

"Taja jina lako, mzee."

"Gidahuda. Natoka Gendabi, kule Hanang. Kijana wangu alikuwa mnadani Katesh, akamwona ng'ombe wetu anapakiwa kwenye lori. Akalijua sikio. Sikio lile nimelikata mimi mwenyewe, mikato miwili, ni alama ya ukoo wangu. Akauliza, wakamwambia ni ng'ombe wa wakili wa Mbulu. Lori likaondoka. Nimekwenda ofisini kwa wakili, wakaniambia yuko hapa."

Wasomaji, mnakumbuka neno nililowaambia muweke pembeni? Lichukueni sasa. Mnipige nalo.

"Huyo ng'ombe ulimpa nani?" akauliza mwenyekiti, kalamu imesimama.

Mzee Gidahuda akamwonyesha Sulle kwa kidevu. "Nilimpa huyu anitunzie. Baba yangu na baba yake walipeana ng'ombe, na sisi tukaendelea. Sikumwambia ampeleke kwa mtu mwingine."

Sulle akasimama taratibu.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi nimeshajibu. Umeandika mwenyewe. Siyo wangu."

Akakaa.

Tangu mama mkwe wangu alipomzaa, Sulle hajawahi kusema kweli. Anadanganya hata akiulizwa kama mvua inanyesha. Siku aliyochagua kusema kweli kwa mara ya kwanza, aliisema juu ya Biblia, kwa swali nililolitunga mimi, likaulizwa na wakili niliyemlipa mimi, kwa ng'ombe wa mtu wa Gendabi.

Nyuma yake Getruda akanong'ona, chumba kizima kikasikia, "Kumbe shati lilikuwa na mkia."

"Wakili Wolfgang," akasema mwenyekiti, "wewe huyo ng'ombe ulimpataje?"

Wolfgang hakutafakari hata kidogo. Kumbe anaweza bila ada.

"Mheshimiwa, nilipewa na mteja wangu. Nilimuuliza kama ni wake. Nilipokea kwa nia njema."

"Bibi Fransiska, simama."

Nikasimama.

"Sikiliza vizuri. Hapa ni baraza la ardhi, la ng'ombe likitoka hapa linakwenda polisi. Lakini kabla sijaendelea na shamba lako nataka kujua nazungumza na mtu wa namna gani. Yule ng'ombe uliyemlipia wakili, ulijua ni wa nani?"

Nikisema wangu, nimekula kiapo cha uongo, na wa Gendabi yuko mbele yangu na alama ya ukoo wake. Nikisema nilijua ni wa Sulle, nimekiri kwamba nilimuuza ng'ombe wa mtu kwa makusudi, na nani atampa shamba mwizi? Nikisema sijui, ni nani anamuuza ng'ombe asiyemjua?

Wolfgang akainama sikioni kwangu. Alinukia mafuta ya nywele.

"Usijibu, mama. Hili sasa ni shauri lingine. Lina malipo yake."

"Malipo gani tena?"

"Ile nusu ya shamba bado tunaweza kuizungumza. Lakini uamue sasa hivi."

Nikamwangalia kuanzia tai mpaka chini. Mzee Gidahuda naye alikuwa anaangalia chini, anaviangalia vile viatu, muda mrefu, kama mtu anayemtambua ndugu.

"Hivyo ni vya ngozi?" akauliza.

Wolfgang akavuta miguu, akaificha chini ya kiti.

"Wakili," nikamwambia kwa sauti, wote wasikie, "Sulle alitaka kuninyang'anya shamba akiwa mzima wa afya. Wewe unasubiri niwe nimeanguka. Hata fisi anaanza na salamu."

Akanyooka. Akarekebisha tai.

"Mheshimiwa, kwa mazingira haya naomba kujitoa kumwakilisha mjibu maombi."

"Na ng'ombe?" nikauliza. "Naye anajitoa?"

Akakusanya karatasi zake. Viatu vilipiga kelele mpaka mlangoni, koh, koh, koh, vinaondoka na malipo yangu.

"Bibi, una mashahidi?" akauliza mwenyekiti.

"Ninao watatu."

Nikageuka nyuma. Kiti cha katekista kilikuwa kitupu. Cha Rogathe kitupu. Hilary nilimwona mgongo tu, anasukumana na watu mlangoni, simu sikioni, anamwambia mtu wa boda boda amsubiri hapo hapo. Sikuhitaji kuambiwa wanakokwenda. Walikuwa wanakimbilia Masieda, kila mtu anamuwahi ng'ombe wake kabla sijamtoa malipo kwa mtu.

Nikabaki peke yangu, bila wakili, bila shahidi, na Sulle ananitabasamia kama bwana harusi.

Judica alikuwa amekaa pembeni, ameshika mdomo.

"Binti," nikamwita, "kesho panda boda boda uje tena nyumbani. Njoo na ile simu yako ya picha. Zizi utalikuta safi, ng'ombe hakuna, hata paka sina hakika. Utaona umaskini wa kukutosha."

Mwenyekiti akagonga meza.

"Bibi Fransiska, bado hujajibu. Ulijua ni wa nani?"

Mzee Gidahuda akavuta kile kiti alichokiacha Wolfgang. Akakaa kando yangu, akakunja shuka lake magotini, akaninong'oneza kwa upole wa mtu aliyekuja kulala.

"Jibu polepole, mama. Mimi sina haraka. Ila ngozi sijaiona."